SEUTA, SIMBA NA KIGEGO: Juu ya Kuzifasiri Hadithi za Asili za Handeni na Korogwe

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kujadili tatizo moja linalowakabili mara kwa mara wafasiri, walimu wa fasihi simulizi na watumishi wa serikali ambao kazi zao huwakutanisha na hadithi za asili ya watu. Tatizo lenyewe ni hili: hadithi inapotueleza jinsi ukoo, utawala au kabila fulani lilivyoanza, je, tuyachukue maneno yake kama yalivyo, au tuyachukue kuwa ni ishara ya mambo mengine? Katika vyumba vya madarasa swali hili huulizwa kana kwamba lina majibu mawili tu, na mwanafunzi hutakiwa achague moja. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba swali lililoulizwa hivyo limekosewa tangu mwanzo. Hadithi si kipande kimoja cha nguo ambacho chote ni cheupe au chote ni cheusi. Humo ndani mna maneno ambayo ni ishara tupu, mna maneno ambayo ni kitu na ishara kwa pamoja, na mna maneno ambayo, tukiyageuza kuwa ishara, tutakuwa tumewadhulumu watu waliokuwa hai.

Kuna hadithi za asili ambazo hazina mgogoro huo. Shaaban Robert alipoitunga Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, alibuni nchi iliyo angani. Hakuna msomaji aliyefunga mizigo kwenda kuitafuta. Vivyo hivyo Euphrase Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliubomoa ulimwengu na kuuanzisha upya kwa kalamu yake mwenyewe. Katika kazi kama hizo mwandishi anajulikana, na ishara alizozitia ni zake. Msomaji anayeng'ang'ania maana ya juu hujinyima utamu, lakini hamdhuru mtu.

Mambo hubadilika tukitoka kwenye meza ya mtunzi na kuingia katika masimulizi ya watu. Hapo mtunzi ni wengi, na wasikilizaji wana mashamba, makaburi na urithi vinavyohusika na hadithi hiyo. Kwa sababu hiyo tumechagua mifano yetu katika eneo moja la Mkoa wa Tanga, yaani Handeni na Korogwe, pamoja na milima inayoyazunguka. Ni eneo lenye hadithi za asili zilizosimuliwa sana, na mojawapo imeandikwa kwa Kiswahili tangu karne ya 19.

2. Istilahi zetu na mipaka yake

Kabla ya kuingia katika hadithi zenyewe, yafaa tuzitazame istilahi tulizo nazo. Katika Tanzania wataalamu wa fasihi simulizi wamezoea kutofautisha kisasili na kisakale. Maneno yote mawili yameundwa kwa werevu: kisasili ni kisa cha asili, na kisakale ni kisa cha kale. M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, aliviweka visakale katika kundi la hadithi za kihistoria alilolipa jina la salua, na visasili akavitenga. Wenzetu wa Kenya hutumia zaidi neno mighani pale ambapo sisi tungesema visakale, na hadithi fupi zinazoeleza kwa nini kitu kiko kama kilivyo huziita hadithi za usuli.

Jambo la kushukuru ni kwamba neno kisasili halina tusi ndani yake. Halisemi kwamba kisa ni cha kweli, wala halisemi kwamba ni cha uongo; linasema tu kwamba ni kisa kinachohusu asili. Katika lugha za Ulaya neno la Kiyunani lenye maana hiyo limechakaa, hata katika mazungumzo ya kila siku limekuwa na maana ya uzushi. Hatari yetu ni kuuingiza uchakavu huo katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri. Mtu akifasiri kijitabu cha afya, na katika lugha ya kwanza akakuta mwandishi akiyaita madai fulani ya uongo juu ya ugonjwa kwa neno hilo la Kiyunani, asiandike visasili. Hizo ni dhana potofu, au imani zisizo na msingi. Akiandika visasili atakuwa amefanya makosa mawili kwa mpigo: ameipa dhana potofu heshima isiyostahili, na amekivunjia kisasili heshima inayostahili. Baada ya miaka michache mwanakijiji akiambiwa kwamba hadithi ya babu zake ni kisasili, atasikia kwamba babu zake walikuwa waongo.

Mpaka mwingine ni huu. Istilahi za tanzu zilikusudiwa kuainisha hadithi nzima, na kazi hiyo zinaifanya vizuri. Hazikukusudiwa kutuambia namna ya kulifasiri kila neno lililomo. Kuiita hadithi kisasili si ruhusa ya kugeuza kila mnyama na kila mto kuwa ishara. Na kuiita kisakale si amri ya kutafuta tarehe na mahali pa kila jambo. Tutaliona hilo kwa kuyapima maneno matatu: Seuta, simba na kigego.

3. Seuta: jina lisilodai mwili

Katika masimulizi ya eneo hili limo jina la Seuta, au Sheuta kwa matamshi ya Kishambaa. Husimuliwa kuwa ni babu wa kwanza, ambaye Washambaa, Wabondei, Wazigua na Wanguu wanahesabiwa kuwa wazao wake. Jina lenyewe linafahamika kwa urahisi. Uta ni upinde, neno ambalo hata Kiswahili kinalo. Na kile kiambishi cha mwanzo, she- au se-, ndicho kile kile tunachokikuta hadi leo mwanzoni mwa majina mengi ya wanaume wa eneo hili. Seuta basi ni baba wa upinde, au mwenye upinde.

Je, aliishi mtu wa jina hilo? Msomaji wa maana ya juu atajibu kwamba aliishi, na ataanza kuhesabu vizazi. Msomaji wa ishara atajibu kwamba hakuishi. Jina hilo, atasema, ni ishara ya maisha ya uwindaji yaliyotangulia kilimo. Jibu la kwanza halina ushahidi wa kulithibitisha. Jibu la pili lina busara, lakini linapita mbali na kazi ambayo jina hilo linaifanya vinywani mwa wasimulizi. Kazi hiyo ni kusema kwamba makabila haya manne ni ndugu.

Hapa pana jambo ambalo wanaistilahi watalifurahia. Wanaisimu walipozilinganisha lugha za Kibantu za pwani ya kaskazini-mashariki, waliona kwamba Kishambaa, Kibondei, Kizigua na Kinguu hukaribiana kiasi cha kufanya kundi moja, mbali na Kiswahili na jamaa zake. Kundi hilo lilihitaji jina, na jina walilolichagua ni Seuta. Kwa hiyo babu wa hadithi amekuwa istilahi ya sayansi. Masimulizi yalidai udugu. Ulinganishi wa msamiati na sauti ukauona udugu katika lugha. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba mtu mmoja mwenye upinde aliwahi kutembea katika vilima hivyo.

Funzo la Seuta ni kwamba kuna maneno katika kisasili ambayo ukweli wake hautegemei mwili. Mfasiri akikutana nayo aliache jina kama lilivyo, na maana yake aieleze mara moja. Asiandike Baba Upinde, kwa maana jina la mtu likifasiriwa hupoteza kazi yake ya kuwa jina.

4. Habari za Mbegha

Sasa tuingie katika hadithi iliyo nzito zaidi, yaani hadithi ya Mbegha na kuanzishwa kwa utawala wa Wakilindi katika Usambara. Kiswahili kina bahati ya kuwa na kitabu kizima juu yake: Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'l-Ajjemy, mtu aliyewahi kukaa karibu na Semboja huko Mazinde, mahali ambapo leo pamo katika Wilaya ya Korogwe. Sehemu zake zilichapishwa na wamisionari wa Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. Mwaka 1962 kitabu kilitolewa tena kwa uhariri wa J. W. T. Allen.

Kwa ufupi kisa ni hiki. Mbegha alikuwa mwindaji wa Nguu, katika nchi ambayo kwa muda mrefu ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni na ambayo tangu mwaka 2002 imo katika Wilaya ya Kilindi. Alizaliwa kigego. Alipokua ndugu zake walimnyima urithi, akaondoka. Alikwenda Kilindi, akafanya urafiki na mwana wa mtawala wa huko. Lakini kijana huyo aliuawa na nguruwe mwitu walipokuwa mawindoni, na Mbegha akakimbia kwa kuogopa kulaumiwa. Akafika katika milima ya Usambara. Huko aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao, akawagawia watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Alimwua simba. Watu wakampa wake na wakamfanya mtawala wao, na Vugha ikawa mji mkuu wa wazao wake. Miongoni mwao yumo Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862.

Tuanze na neno la kwanza la jina la kitabu. Mwandishi hakukiita kitabu chake hadithi, wala kisa, wala hekaya. Alikiita habari. Neno hili lilikwisha kutumika katika maandishi ya pwani kwa ajili ya maelezo ya miji na watawala wake, na asili yake ya Kiarabu ni taarifa inayopokewa kutoka kwa mtu hadi mtu. Habari basi husimama juu ya waliosimulia. Mwandishi hajidai kuwa alikuwapo, wala hakiri kuwa amebuni. Huu ni msimamo wa tatu ambao lile swali la darasani, ukweli au ishara, haliujui kabisa. Mwalimu anayekiweka kitabu hiki chini ya kichwa cha visasili na kuishia hapo amelifuta neno la mwandishi mwenyewe.

Wasomaji wa maana ya juu wamekuwapo wengi, na baadhi yao walikuwa na mamlaka. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza, ilipoanzisha utawala wa kupitia machifu katika miaka ya 1920, ilitafuta watawala wa asili, na katika Usambara iliwapata Wakilindi. Kwa msomaji wa namna hiyo hadithi ya Mbegha ni hati ya nasaba: fulani ni mzao wa fulani, kwa hiyo kiti ni chake. Msomaji wa ishara bora kabisa ni Steven Feierman, mwanahistoria wa Marekani aliyechapisha historia ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974. Feierman alimweka Mbegha katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, na kwa hiyo hakuitupa historia. Lakini alionyesha pia kwamba kisa kimejengwa kwa jozi za mambo yanayopingana: nyika na mlima, nyama na vyakula vya shamba, mtu wa porini na mtu wa mjini. Mbegha anatoka upande mmoja wa kila jozi na kuishia upande wa pili.

Usomaji huu wa pili unatufunulia jambo ambalo ule wa kwanza uliliziba. Katika kisa, Mbegha hapati utawala kwa nasaba. Nasaba yake imemkataa. Anaupata kwa sababu anawalisha watu na kuwakinga, nao wanampa kwa hiari yao. Kwa hiyo ile hati iliyotumiwa kuthibitisha haki ya mtawala juu ya watu ilikuwa pia hati ya haki ya watu juu ya mtawala. Wabondei walipowafukuza Wakilindi katika maasi ya Kiva mwishoni mwa miaka ya 1860, walionyesha kwamba utawala uliotolewa huweza kuchukuliwa. Hapa kufasiri si mchezo wa darasani. Kutegemea namna kisa kinavyosomwa, neno moja humpa chifu kiti au humpa mkulima sauti. Hata baada ya uchifu kuondolewa kisheria mwaka 1963, somo hilo halikupoteza maana.

Katika kitabu kingine, cha mwaka 1990, Feierman alieleza misemo miwili ya Kishambaa ambayo kila mfasiri wa habari hizi lazima aijue: kuzifya shi, yaani kuiponya au kuitengeneza nchi, na kubana shi, yaani kuidhuru nchi. Mtawala mwenye nguvu, ambaye wapinzani wake wamenyamaza, huleta mvua na shibe. Watawala wanaposhindana, nchi huharibika. Shi ni nchi, na wapenda lugha watauona udugu wa maneno hayo. Lakini kubana kwa Kishambaa si kubana kwa Kiswahili. Mfasiri wa haraka atakayeandika kubana nchi atatupa picha ya mtawala mwenye mkono mzito, ilhali msemo wenyewe unasema juu ya njaa. Na je, kuzifya shi ni ishara? Kwa mhakiki wa mjini pengine ndiyo. Kwa mkulima aliyekuwa akingoja mvua lilikuwa jambo la kupimwa kwa debe la mahindi.

5. Simba: kitu na ishara kwa pamoja

Mbegha alimwua simba, na mfalme wa Washambaa aliitwa Simba Mwene. Hapa wasomaji wa pande zote mbili hushika silaha. Mmoja husema kwamba simba walikuwapo nyikani, mwindaji humwua simba, na hakuna la kushangaza. Mwingine husema kwamba simba ni mamlaka, na kumwua simba ni kuitwaa nguvu yake.

Wote wawili wamesema kweli, na kosa liko katika kuwagombanisha. Simba anayeua mifugo na watu ni hatari halisi. Ndiyo maana kumwua kunampa mtu sifa halisi, na ndiyo maana sifa hiyo ikawa cheo. Ishara imeota juu ya kitu kama mti juu ya udongo. Ukiondoa udongo kwa sababu umeupenda mti, mti nao utaanguka.

Mfasiri afanye nini? Mwene ni neno lenye jamaa zake katika lugha nyingi za Kibantu, kwa maana ya mwenye kitu au mtawala. Kishawishi ni kuandika Mfalme Simba. Lakini katika Kiswahili maneno hayo yana mahali pake tayari: humpeleka msomaji moja kwa moja katika ngano za wanyama, ambako simba ni mfalme wa mwituni na sungura humdanganya. Cheo cha heshima kitageuka kuwa mchezo wa watoto. Ni afadhali kuacha Simba Mwene kama kilivyo, kama tunavyoacha Kabaka na Mukama, na kukieleza pale kinapotokea mara ya kwanza.

Kuna makosa ya upande wa pili pia, yaani ya kuona ishara pasipo na ishara. Kwa Kiswahili mbega ni aina ya kima mwenye manyoya meusi na meupe, na kilindi ni mahali penye maji marefu. Mhakiki hodari anaweza kujenga nadharia nzima juu ya kima aliyetoka vilindini na kuwa simba, na nadharia hiyo ikapendeza sana masikioni. Lakini Kilindi ni mahali, na Wakilindi wamechukua jina lao hapo. Na hakuna kitu katika kisa kinachomfanya mwindaji huyo kuwa kima. Kabla ya kulipa neno maana ya ndani, ni lazima tuhakikishe kwamba wasimulizi wenyewe wamelitumia hivyo. Maana tuliyoileta sisi kutoka lugha nyingine si ya hadithi, ni yetu.

6. Kigego: neno lisilokubali kuwa ishara tu

Tumeliacha mwisho neno lililo gumu kuliko yote. Mbegha alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Msomaji wa ishara hulifurahia sana neno hili. Kigego, atasema, ni alama ya mtu asiye wa kawaida. Mashujaa wa masimulizi ulimwenguni mara nyingi huzaliwa kwa namna ya ajabu: Lianja wa Wamongo wa Kongo huzaliwa akiwa tayari na silaha zake, na Musa wa Biblia na Kurani hutiwa mtoni angali mchanga. Kwa hiyo meno ya Mbegha ni ishara ya utukufu ujao, na darasa linaendelea na ukurasa unaofuata.

Yote hayo yanaweza kuwa kweli, lakini kuna jambo limerukwa. Kigego si neno lililobuniwa kwa ajili ya kisa. Limo katika kamusi zetu, na halikuingia humo kwa njia ya fasihi. Katika jamii nyingi za Uzigua, Usambara na pwani, mtoto wa namna hiyo aliaminiwa kuleta nuksi na vifo kwa jamaa zake, na wengi waliuawa wangali wachanga. Waliosimuliwa kisa cha Mbegha walilijua hilo vizuri. Waliposikia kwamba alikuwa kigego hawakusikia utukufu. Walisikia kwamba huyu ni mtu ambaye kwa desturi hakupaswa kuwa hai. Kunyimwa urithi hakukuwahitaji maelezo zaidi.

Hapo ndipo kisa kinapopata uzito wake wa kweli. Watu waliokuwa na desturi ya kuwaondoa vigego walisimulia, kizazi baada ya kizazi, kwamba ufalme wao ulianzishwa na kigego aliyeachwa hai. Tukilisoma neno kwa ishara peke yake, tutalipoteza shauri hilo lote, kwa sababu tutakuwa tumemwondoa mtoto na kubaki na meno. Tukilisoma kwa maana ya juu peke yake, tutabaki na taarifa ya tabibu juu ya meno ya mtu mmoja wa karne ya 18. Maana ya ndani hapa inapita katika maana ya juu. Haina njia nyingine. Yule ambaye kwa mhakiki ni ishara, kwa mama yake alikuwa mtoto.

Kwa wafasiri matokeo yake ni dhahiri. Kigego kisifasiriwe kuwa mtoto wa ajabu, wala mtoto wa miujiza, kwa maana maneno hayo yana baraka ndani yake, na neno la asili lina hukumu ya kifo. Kwa walimu matokeo yake ni mazito zaidi. Darasani anaweza kuwamo mtoto ambaye nyanya yake alinong'onwa kwa sababu ya meno ya mdogo wake. Mwalimu anayesema kwamba hiyo ilikuwa ishara tu hamfariji mtoto huyo. Anamwambia kwamba lile lililotokea halikutokea.

7. Hadithi iliyorudi nyumbani

Mfano wetu wa mwisho unatoka Handeni, na unawahusu zaidi watumishi wa serikali. Katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, watu wengi wa Uzigua walichukuliwa hadi Somalia. Baadhi yao walitoroka utumwani wakaanzisha makazi katika misitu ya Mto Juba, na wazao wao waliendelea kusema Kizigula. Walikuwa na hadithi ya asili yao. Ndani yake yumo Wanankhucha, mwanamke mwenye maono, ambaye husimuliwa kuwa aliwaongoza watu watoke utumwani huku dalili za kimuujiza zikionekana. Na ndani yake imo pia kauli iliyokuwa wazi kabisa: kwetu si hapa, kwetu ni Uzigua.

Mhakiki aliyeisoma hadithi hiyo mwaka 1980 angeweza kusema kwa ujasiri kwamba Uzigua ya masimulizi ni ishara, nchi ya ahadi ya watu walionyanyaswa, kama Kanaani. Baada ya vita kuzuka Somalia mwaka 1991, maelfu ya watu hao walikimbia, na wengi walifika Handeni. Wenyeji waliwasikia wakisema lugha waliyoielewa. Baadaye walipewa makazi huko Chogo, na wengi wao wakapata uraia wa Tanzania. Nchi ya ishara ilikuwa na barabara, visima na ofisi ya wilaya.

Hatusemi kwamba kwa sababu Uzigua ilikuwa kweli, basi kila muujiza wa Wanankhucha umethibitishwa. Tunasema kwamba katika hadithi moja neno hili na neno lile huweza kuwa na uzito tofauti, na kwamba karani aliyekaa mezani akiandika maelezo ya mkimbizi hana ruhusa ya kuyafuta yote kwa sababu amekuta muujiza katikati yake. Akiandika katika jalada kwamba mhusika ametoa kisasili tu, na neno hilo likawa limekwisha kuchafuka kwa maana ya uzushi, istilahi yetu itakuwa imemfungia mtu mlango.

8. Hitimisho na mapendekezo

Tumeona kwamba Seuta ni kweli kwa namna ya ishara, na hahitaji mwili. Kwamba simba ni kitu na ishara kwa pamoja. Kwamba kigego hupoteza maana yake ya ndani mara tu kinaponyang'anywa maana yake ya juu. Na kwamba Uzigua ya Wazigula wa Juba, iliyoonekana kuwa ndoto, ilikuwa mahali. Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo yafuatayo.

(a) Mfasiri na mwalimu waanze na jina ambalo msimulizi au mwandishi ameipa kazi yake. Kilichoitwa habari kibaki habari. Istilahi ya utanzu iongezwe kama maelezo, isiwe badala ya jina hilo.

(b) Majina ya watu, mahali na vyeo yasifasiriwe. Maana yake ielezwe mara moja, na baada ya hapo jina liachwe lifanye kazi yake.

(c) Maneno ya mila, kama kigego na kuzifya shi, yahifadhiwe kwa sura yake, na maelezo yaseme watu walifanya nini kuhusu jambo hilo, si kile ambacho mhakiki analifikiria tu.

(d) Neno kisasili lisitumike kamwe kwa maana ya uzushi au dhana potofu. Jambo hili lisisitizwe hasa kwa wanaofasiri vitabu vya afya, sheria na magazeti.

(e) Katika mitihani, swali la kumtaka mwanafunzi achague kama kisa fulani ni ukweli au ishara liachwe. Mahali pake aulizwe: neno hili, katika kisa hiki, kwa wale waliokisimulia, lilikuwa na uzito gani?

Pendekezo la mwisho linadai muda, subira na kwenda kuwauliza wazee, na tunajua kwamba walimu wetu hawana muda mwingi. Hata hivyo mwalimu wa Korogwe hana haja ya kwenda mbali. Aliyefundishwa hadithi ya Mbegha katika kitabu anaweza kuipeleka nyumbani jioni na kuuliza kigego ni nani. Akijibiwa kwa kunyamaziwa, atakuwa ameanza kuielewa.